Mafuta Yaliyobaki

Kilima kilichomoza kwenye skrini pale palipotakiwa kuwa tambarare. Niliisafisha mashine ya maabara, nikaweka sampuli nyingine ya ubongo wa panya. Kilima kikarudi, kimetulia tuli kama mgeni asiyejua kwamba hakualikwa.

Panya wale walizaliwa bila kimeng'enya chetu, kichocheo cha mwilini tulichokuwa tukikichunguza. Nusu ya maisha yake, Mwalimu wangu alikuwa amefundisha kwamba hicho, na hicho peke yake, ndicho kinachotengeneza mafuta ya kutuliza ubongo. Seli moja ikizidi kuipigia jirani yake kelele, jirani hukamua chembe ya mafuta kutoka kwenye utando wake mwenyewe na kuirudisha ilikotoka kelele: punguza sauti. Kimeng'enya kisipokuwapo, mafuta hayapo, wala kilima kwenye skrini. Vitabu vilisema hivyo, na vitabu vilimnukuu yeye.

Tulimwita Bibi Mafuta, kisogoni bila shaka, mpaka siku moja alipoitika. Alinipokea nikiwa mbichi kabisa. Mama yangu aliposikia kazi yangu kwa simu, aliuliza, "Mafuta ya ubongo? Sasa mwanangu, mnayapikia nini?" Nilipomsimulia Mwalimu, alicheka hadi akavua miwani. Alinifundisha kuosha chupa kabla ya kunifundisha kufikiri. Chupa chafu, alisema, zimewahi kumpa mtu umaarufu wa wiki moja.

Sasa alikuwa anastaafu. Mhadhara wa kuaga ulikuwa umekaribia, na ukumbi mzima ungekuja kusikia habari za kimeng'enya kile.

Mtunza panya, mtu mzima tuliyemwita Kaka, alichungulia juu ya bega langu.

"Panya ni wenyewe?"

"Ni wenyewe. Nimepima vinasaba vyao."

Akashusha pumzi. "Funika kombe mwanaharamu apite. Mwache mama wa watu aondoke kwa amani. Utasema baadaye."

Alisema kwa mapenzi, ndiyo maana maneno yake yalinikaa moyoni njia nzima hadi ofisini kwa Mwalimu. Nilimkuta anapanga vitabu kwenye maboksi.

"Mwalimu, mafuta yapo."

"Yapo wapi?"

"Kwa panya wasio na kimeng'enya. Karibu sawa na wenzao."

Kitabu kikabaki mkononi mwake, hakiingii boksini wala hakirudi rafuni.

"Chupa umeosha?"

"Nimeosha."

"Twende tukaoshe tena."

Tulikunja mikono ya makoti, tukaosha bega kwa bega. Alipima mwenyewe, polepole, kama mtu anayesoma barua kwa kidole. Kilima kilipochomoza, alikigusa kwenye kioo.

"Hata mimi ningekuwa ubongo," alisema, "nisingetegemea mpishi mmoja."

Kisha akatoka, akaketi kwenye ngazi za nje. Nilikaa kando yake. Hakulia. Alitazama tu watu wakipita, hadi baridi ikatuinua.

Siku hizi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba ubongo una njia zaidi ya moja ya kutengeneza mafuta yale. Siku ile ya mhadhara hakuna aliyejua. Mwalimu alionyesha picha zake za miaka yote, na mwishoni akaweka kilima changu.

"Nilisema ni kimoja," alisema. "Sivyo."

Safu ya mbele, profesa mmoja aliyebishana naye tangu ujana wao aliinua mkono. Nilidhani atamkejeli. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Sasa hicho kingine ni kipi?"

Mwalimu aliacha kipaza sauti, akaninyooshea mkono.

"Muulizeni binti yangu."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilipanda jukwaani, nikasema kweli tupu: bado sijui. Nilipomtafuta kwa macho, alikuwa ameketi kwenye kiti nilichokiacha, kalamu imefunguliwa, anangoja niendelee.