Maziko ya Kibati

Goma nzima inajua kwamba wezi wa makumbusho yetu walikuwa na msaidizi, na msaidizi huyo ni mimi Adalbert, mlinzi wa makumbusho. Nikipita Birere, wauza vitenge huniuliza kama leo nina maiti ya kusukuma. Wanacheka, nami nacheka nao. Ukishakuwa kichekesho, heri uwahi kucheka wewe.

Makumbusho yenyewe yalikuwa nyumba ya mbao ya padri mmoja mpenda sanaa: vinyago, ngoma, na sanamu moja iliyozishinda zote. Ilikuwa ya msichana aliyeketi kitini, mikono magotini, kimo cha mtu kamili. Marehemu Papa Kataliko, mchongaji wa hapa mjini, alimchonga binti yake Fabiola, aliyepotea watu walipokimbia vita vya 1996, wala mwili wake haukuonekana. Picha zake ziliungua pamoja na nyumba yao, lava ilipoteremka mwaka 2002. Basi mjane wa Kataliko, Mama Kaswera, alikuwa akija kila Jumapili baada ya misa, akimfuta binti vumbi kwa ncha ya kitenge na kumsimulia habari za juma. Uso ule haukubaki popote pengine. Na mimi, kifua mbele, nilimwahidi kwamba nikiwa hai hakuna atakayeugusa.

Novemba 2012 mji ulipotekwa na waasi, ahadi hiyo niliitimiza nyumbani kwangu, chini ya kitanda. Risasi ziliponyamaza nikavaa kofia ya kazi, nikaenda kuonyesha ushujaa. Karibu na makumbusho nikakuta wanaume wawili na chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili. Juu yake palikuwa na maiti iliyofungwa mkekani, magoti yamekunjwa.

"Papa, tusaidie," mmoja akaniambia huku analia. "Ni mama yetu. Alikufa akiwa amekaa, tukakosa namna ya kumunyoosha. Tunaenda kumuzika kule Kibati, na huu mulima unatushinda."

Kwetu mtu hapishani na maiti akaendelea na shughuli zake. Nilivua kofia, nikasukuma. Nilisukuma kwa bidii ambayo padri hajapata kuiona kazini. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walitaka kufungua mkeka, nikawafokea: "Nyinyi hamuna mama?" Wakaona haya, wakatupisha. Huko Kibati shimo lilikuwa tayari. Wimbo wa maziko niliuimba peke yangu, maana wafiwa hawakujua maneno, jambo ambalo lingemshtua hata mbuzi. Nikatupa udongo. Nikalia pia, tena kwa sauti, juu ya mama wa watu nisiowajua.

Niliporudi mjini nilikuta mlango wa makumbusho umevunjwa na kiti cha Fabiola kitupu.

"Hukuona kitu?" aliniuliza Célestin, polisi aliyechukua maelezo yangu.

"Hapana, chef. Nilikuwa mazikoni."

"Ya nani?"

"Mama mumoja. Muzito, chef! Na mugumu, magoti hayanyooki."

Célestin aliweka kalamu chini, akanitazama kwa huruma. Hapo ndipo na mimi nilipoelewa.

Tulikwenda Kibati na majembe, Mama Kaswera akitufuata nyuma. Nilichimba mwenyewe. Tulikuta mkeka tu. Wenye maiti yao walikuwa wametutangulia kuifukua. Mpaka leo sijui ni akina nani. Nimeuliza Birere, nimeuliza hadi Rutshuru, na kote nimepewa vicheko tu.

Siku ile, kando ya shimo lile, nilisubiri Mama Kaswera anitukane. Nilitamani anitukane.

"Adalbert," akasema, "uliimba?"

"Niliimba, mama."

"Na ulilia?"

"Nililia sana."

Aliutazama mkeka.

"Mutoto wangu hakuzikwa," akasema. "Hii miaka yote, hakuna mutu aliyemuimbia."

Aliinama, akachota udongo kwa mkono, akautupa juu ya mkeka.

"Rudisha udongo. Na ule wimbo uimbe tena. Leo mama yake iko."

Nikaanza kuimba. Safari hii aliyesahau maneno ni mimi.