Amana ya Kwenye Ngolo

Restituta alikuwa anapeta maharage jioni walipofika wageni wa kwanza. Walikuwa watu wa mjini, nguo zimeungua upande mmoja. Wakakaa ukingoni mwa shamba lake wakamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika marahaba, akawauliza kama wamekula.

"Sisi bado hatujafa, mama," alisema mwanamke mmoja mwenye mfuko wa nyanya. "Tutakufa siku hilo kopo litakapofika kwetu."

Kopo lenyewe, la chuma, Restituta aliachiwa na bwana mmoja wa maneno matamu aliyekuwa anashuka Liuli kutafuta boti ya kuvuka ziwa. Alisema atalirudia. Na mzigo wa mgeni hautupwi, hata uwe mzito kama jiwe la kusagia. Kuku waliokuwa wanalala karibu nalo walipokufa, Restituta akafanya ambavyo Mmatengo yeyote angefanya: akalizika kwenye ngolo, yale mashimo ya shambani ambamo nyasi huoza zikawa mbolea. Kitu gani kisichooza kwenye ngolo? Kumbe kipo.

Kila jioni wageni waliongezeka. Majirani walilalamika tu kwamba wanakanyaga maharage. Jumapili, katikati yao, Restituta akamwona Otilia, binti yake aliyeolewa mjini kwao, ng'ambo ya ziwa, nusu ya kitenge chake imekuwa majivu. Akampigia simu palepale. Otilia akapokea huko mjini; mafuta yalisikika yakichemka kikaangoni.

"Mama! Mbona sauti hivyo? Unaumwa?"

"Siumwi. Rudi nyumbani, mwanangu. Rudi leo."

"Jamani, mama! Nitakuja Krismasi."

Otilia wa shambani alisikiliza yote hayo, akanawa mikono. Restituta akampakulia ugali. Aliogopa kuliko siku aliyomzaa.

Kesho yake akaenda Mbinga mjini kutoa taarifa. Afisa akaja na gari, mtu wa heshima zake. Aliwasalimu wageni wote, wakubwa kwa wadogo, kisha akainamisha kwenye ngolo kifaa cha kupima mionzi kilicholia kama nyenje mpaka akakizima.

"Mama, nchi ilishasaini mkataba wa kukataza mabomu ya nyuklia. Vitu hivi haviruhusiwi."

"Basi lichukueni, baba."

"Tukilichukua itabidi tuseme lilikuwepo." Akapangusa magoti. "Kisichoruhusiwa hakipo, mama. Kaa kwa amani."

Amani! Restituta akahamishia kigoda chake juu ya ngolo, akakaa na jembe mapajani. Hapo ndipo yule bwana mwenye kopo alipomkuta.

"Nimefuata mzigo wangu, mama."

"Sikupi."

"Hunipi nini? Nimepita kwa afisa, amesema hapa hakuna kitu."

Akamnyanyua pamoja na kigoda chake, taratibu, kama mtu anayemwondoa kuku juu ya mayai. Restituta alimpiga jembe la bega. Bwana akasema pole mama, akaendelea kufukua. Akajitwisha kopo, akashika njia ya Liuli. Wageni wakajipanga nyuma yake wakashuka naye, kama waumini kwenye Njia ya Msalaba. Otilia alibaki.

"Wewe huendi?"

"Mimi nilishafika nyumbani, mama."

Restituta akapiga simu. Ikaita muda mrefu. Otilia wa mjini akapokea anacheka, akasema tiketi ya Krismasi ameshakata, na ampikie maharage mapya.

"Nitapika," alisema Restituta.

Yule wa shambani alikuwa amenyoosha sahani. Mama yake akamwongezea.