Jina Lililofutwa kwa Heshima

Asubuhi ya Jumatano, mashine ya kopi ikiwa bado haijapata moto, Dada wa Kopi alifungua kompyuta ya dukani akamkosa kaka yake.

Kumkosa duniani kulishapita, miaka miwili sasa. Safari hii alimkosa kwenye orodha. Ilikuwa orodha ya wachangiaji wa programu huria ya kupanga ratiba za shule, inayotengenezwa bure na watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja kwake, ili walimu wawili wasikutane kwenye mlango wa darasa moja, kila mmoja na chaki yake. Kaka yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alikuwa wa sita kutoka juu, kwa majina yake yote matatu, na mbele yake idadi ya kazi alizotuma. Leo wa sita alikuwa Dada wa Kopi. Yeye mwenyewe! Kazi mia tatu arobaini na moja, zote zake, hata ile ya kwanza kabisa, iliyotumwa enzi ambazo yeye hakujua kuwasha kompyuta.

Akafunga ukurasa, akaufungua tena, kama mtu anayefunua sufuria mara ya pili akitumaini nyama imerudi. Haikurudi.

Kabla hujamhukumu, sikiliza. Mwalimu alifundisha jiografia, na mkuu wa shule akamtwika kazi ya ratiba, ile kazi inayomfanya mtu achukiwe na wenzake wote kwa mpigo. Akaikuta programu ile, akaanza kuirekebisha, na kila Jumamosi alasiri alikaa nyuma ya duka la dada yake, kati ya maboksi ya karatasi. Ugonjwa ulipomshika mikono, yeye akawa anasema na dada anaandika. Baadaye dada akawa anasema, anaandika, na kaka anatikisa kichwa tu. Alipofariki, dada aliendelea, kwa sababu kazi ilikuwa katikati na kwa sababu hakujua afanye nini kingine na Jumamosi.

Alijaribu kujiandikisha kwa jina lake. Kanuni za wakati ule zilitaka jina na jina la ukoo, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Chake kina jina moja tu. Karani aliyemwandikisha utotoni alikuwa na haraka, au uvivu, Mungu ndiye ajuaye. Fomu ikamrudishia maandishi mekundu mara tatu: Jina halijakamilika. Miaka thelathini na nne analiitikia, leo linaambiwa halijakamilika! Akaingia kwa jina la kaka, akatuma kazi, ikapokelewa bila neno.

Halafu Jumatatu ya juma hili ikaja barua pepe ya kanuni mpya. Kuanzia sasa mchangiaji ataandikwa kwa jina analojulikana nalo na watu wake. Liwe moja, liwe matatu, liwe la utani, vyeti havitaulizwa. Anayetaka kubadili abadili, na hakuna atakayemuuliza sababu. Dada wa Kopi alisoma huku akitoa kopi za mteja, na furaha ikampanda mpaka akakosea ukubwa wa karatasi. Jina la zamani? Akaandika la kaka. Jina jipya? Akaandika hilo ambalo mji mzima unamwitia. Alidhani litaanzia siku ile na kwenda mbele.

Aya ya mwisho hakuisoma. Ilisema jina la zamani litafutwa kila mahali, tangu siku ya kwanza, na wasimamizi hawatalitamka tena. Na niseme haki, kanuni ilikuwa nzuri. Wapo watu waliobebeshwa jina lisilo lao kama kiatu kisichowaenea, na mtu akishakivua hataki kila asubuhi kukikuta chini ya kitanda. Ila waliotunga kanuni hawakumfikiria mtu aliyevaa kiatu cha marehemu kwa kumpenda.

Akamwandikia msimamizi: "Naomba mrudishe jina la zamani."

Jibu lilikuja mchana, la upole mtupu. "Usiwe na wasiwasi. Jina lile hatutalitaja tena. Tunakujua kwa jina lako, na tunafurahi kuwa nawe."

Akalisoma mara tatu. Akaandika: "Litajeni! Nataka litajwe."

"Je, kuna mtu anakulazimisha? Kama hauko salama, tuambie."

Dada wa Kopi alitaka kucheka, akataka kulia, akaingiza karatasi kwenye mashine kwa sababu mteja alikuwa anasubiri. Kichwani hakukuwa na wazo hata moja lililonyooka. Wanafurahia nini? Nani amlazimishe? Na mtu anamkataliaje kwa heshima kiasi hiki hata matusi yanakosa pa kutua?

Jioni alipita wifi yake, mjane wa Mwalimu, muuguzi, bado na viatu vyake vyeupe vya kazini. Akasimuliwa yote.

"Waambie ukweli, wifi," alisema. "Njia ya mwongo ni fupi."

"Ukweli gani? Kwamba miaka miwili natia sahihi ya marehemu? Si watatupa kazi zote, zangu na zake?"

"Basi watupe zako, za mume wangu wabaki nazo. Zako ni zipi?"

Dada wa Kopi alianza kuzihesabu kwa vidole. Ile ya kuzuia walimu kugongana, aliisema nani? Na ile ya kipindi cha mwisho cha Ijumaa, kaka aliitikia kwa kichwa au kichwa kilikuwa kinatetemeka tu?

"Sijui," alisema, na hapo ndipo alipoogopa kwelikweli. "Wifi, sijui."

"Na Mama anakuja keshokutwa."

Hilo hakuhitaji kukumbushwa. Kila Ijumaa Mama akitoka kliniki kupima presha alipitia dukani, akakaa kwenye kigoda na kusema, "Nionyeshe mwanangu." Husoma polepole, lakini husoma. Alikuwa akiweka kidole kwenye mstari wa sita, akakaa hivyo kidogo, akaenda zake. Dada wa Kopi alipopangusa kioo alikwepa palepale, na alama ya kidole ilikuwa imeganda hapo kama muhuri. Kaburi liko mbali, mwendo wa siku nzima. Kwa Mama, mstari ule ndio ulikuwa kaburi la karibu.

Alhamisi hakutuma kitu. Kila barua aliyoianza ilimgeukia. Akisema ni jina lake, amedanganya. Akisema si lake, alikuwa amedanganya tangu zamani.

Ijumaa Mama akaja. Akavuta kigoda, akanyoosha kidole, kidole kikasimama hewani.

"Yuko wapi?"

"Ni mtandao, Mama. Leo unasumbua."

"Mtandao gani huo unaokula mtu mmoja na kuwaacha wenzake wote?"

Dada wa Kopi alizima mashine ya kopi, jambo asilolifanya mchana, akageuza kibao cha mlangoni kisome Tumefunga. Akasema yote, kuanzia maandishi mekundu hadi msimamizi anayedhani kuna mtu kamshikia fimbo. Alisema akitazama sakafu. Alipomaliza akasema, "Nimemfuta, Mama. Kwa mkono wangu."

Mama alifungua mkoba, akatoa daftari lake la kliniki, lile la kuandikia presha, akaligeuza na kulifungua kwa nyuma. Kulikuwa na safu ndefu ya namba kwa penseli, kila moja na tarehe yake, zote Ijumaa. Ya kwanza ilikuwa ya juma lile la mazishi: mia mbili kumi na mbili.

"Hii ndiyo hesabu ya kazi aliyoiacha," alisema. "Ijumaa iliyofuata nikaona mia mbili kumi na tatu. Nikasema, mwanangu nimemzika mwenyewe, nimeona udongo. Nani anaandika?"

"Ulijua?"

"Kwani una kaka mwingine? Au nina watoto mia?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ulikuwa unamlilia huko ndani ya kompyuta, nikuache ulie. Nilikuja kumwona yeye, na za kwako nikawa nazihesabu."

Dada wa Kopi alilia hapo. Alilia sana, na kamasi, akajifutia kwenye karatasi za A4 ambazo ni ngumu na hazifai kabisa kwa kazi hiyo. Kisha akauliza lililomtesa tangu Jumatano. "Na zile za kabla hajafa, Mama? Mikono ilipokuwa inatetemeka? Sijui alisema nani."

"Mlilala godoro moja mkiwa wadogo. Likilowa sikuuliza nani. Nilianika godoro."

Maji umeshayavulia nguo, sharti uyaoge. Aliandika barua Mama akiwa kando, ndefu, bila kujipamba. Kwamba mwenye jina la zamani ni kaka yangu na amefariki. Kwamba mimi fomu yenu ilinikataa. Kwamba hadi mia mbili kumi na mbili ziwe zake, hata zile tulizofanya wote, na zinazobaki ni zangu, na kama kwa uongo huu mtazitupa, tupeni zangu, yeye mwacheni. Akatuma, akangoja hadi Jumapili.

Msimamizi alijibu kwa mistari michache. Alisema wamekaa kikao, na hawakuwa na kanuni ya watu wawili ndani ya jina moja, wala ya mtu ambaye jina lake la zamani linapendwa. Sasa wataitunga. Hakuna kitakachotupwa. Na wanaomba radhi kwa yale maandishi mekundu.

Ijumaa iliyofuata Mama akavuta kigoda. Mstari wa sita, Mwalimu, majina matatu, mia mbili kumi na mbili. Akaweka kidole kwenye alama yake ya siku zote. Kisha kidole kikashuka, mstari kwa mstari, hadi wa kumi na moja.

"Dada wa Kopi," alisoma. "Mimi nilikupa jina zuri, wewe ukachagua la mashine."

"Ndilo wanaloniitia, Mama."

Mama aliguna. Akafungua daftari kwa nyuma, akapiga mstari katikati ya ukurasa mpya. Upande mmoja akaandika namba ya kaka. Upande wa pili akaandika Dada wa Kopi, herufi kwa herufi, akikandamiza penseli, na chini yake mia moja ishirini na tisa.

"Haya," alisema akifunga mkoba. "Ya mwenzio imeshasimama. Ya kwako Ijumaa ijayo nitakuja kuiangalia."