Nguo Tano za Mgeni wa Mwambeni

Mimi Jokha ninaosha maiti wa kike hapa Sparkbrook, Birmingham, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi hii nimerithi. Aliifanya mama, akaifanya bibi, na kabla yao mamake bibi, Mwanamkasi, ambaye mji mzima wa Mwambeni ulimfanya kichekesho.

Mwambeni ni kamji ka pwani, na sifa yake ni moja tu. Mwaka 1897 chombo cha bati kilianguka kutoka mbinguni kikiwaka, kikabomoa ukuta wa kisima, na ndani yake mlikuwa na kiumbe. Watu wanasema lilikuwa jini dume, na kwamba babu wa Mwinjuma, mwenzetu wa hapa Birmingham, alipambana nalo peke yake mpaka akaliua kwa mkuki. Baada ya hapo Mwanamkasi aliubeba ule mwili, akajifungia nao, akauosha na kuuzika kwenye kiwanja cha ukoo wetu. Mji ukapiga kelele: mwanamke kamwosha mwanamume asiye wake, tena jini! Mumewe akampa talaka wiki ileile. Aliishi miaka arobaini zaidi na hakujitetea hata mara moja, kwa sababu mwosha hasemi alichokiona. Ukishakifunika, umekifunika.

Mkidhani Birmingham ni mbali, mnajidanganya. Kisa kile kilipanda ndege pamoja nasi. Kila Idi, watu wa Mwambeni tukikutana kwenye ukumbi nyuma ya Ladypool Road, Mwinjuma husimama na kichwa cha ule mkuki, alichokirithi, akasimulia upya. Kila mwaka jini linarefuka. Akifika kwa Mwanamkasi huziba pua, na watu hucheka huku wakinitazama mimi. Nilikuwa nikichukia, huku nikikusanya vikombe.

Idi ya mwaka 2006 alikuja na mgeni, kijana wa Kikenya aitwaye Ronny, mwanafunzi, ambaye yeye na wenzake wanatafuta habari za vyombo vya angani. Alikuwa na laptop na fomu. Walitaka kulifukua lile kaburi, na kwa kuwa kiwanja ni cha ukoo wetu, saini yangu ndiyo iliyotakiwa.

"Auntie, hii ni kitu serious," akaniambia. "Tukifungua hiyo kaburi na tupate mifupa, hakuna mtu atawahi kucheka great-grandmother wako tena. Itakuwa kwa TV."

"Na mkuki wa babu utaonyeshwa," Mwinjuma akadakia. "Saini ya shahidi nimeshaweka mimi."

Binti yangu Asmahan, aliyezaliwa hapahapa, akaninong'oneza nitie saini tu ili wamwache bibi, "Mum, just sign it. They'll finally leave her alone."

Sitasema uongo, nilishika kalamu. Miaka mia na tisa ya kuchekwa, na dawa yake ilikuwa ni jina langu kwenye karatasi. Nilitamani Mwanamkasi asafishike, nilitamani sana. Lakini kulifukua kaburi ni kumfunua mtu aliyefunikwa kwa mikono ya Mwanamkasi, ambaye alikubali kupoteza mume kuliko kumfunua. Nikaiweka kalamu chini.

"Sitii saini," nikasema. "Ila leo nitasimulia mimi. Mwinjuma, kaa."

Akakaa. Nadhani ni kwa mshangao.

"Mwanamkasi alipokuwa anakata roho," nikasema, "alimwachia bintiye neno moja. Bintiye akamwachia mama, mama akaniachia mimi, sote waosha. Tulilificha tukidhani nalo ni siri ya maiti. Leo nimeona sivyo. Mwili ni siri, lakini nguo ilinunuliwa dukani, kila mtu aliiona inapita, ingawa hakuna aliyeihesabu. Neno lenyewe ni hili: *Yule mgeni nilimkatia nguo tano.*"

Ronny akatazama huku na huku. "Tano ni nini?"

Watu wa Mwambeni walikuwa wameshaelewa. Asmahan ndiye aliyemjibu, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: "Sanda. Mwanaume anapewa nguo tatu. Tano ni... ni ya mwanamke."

Bi mmoja mbele yangu, aliyecheka kila Idi, akaanza kulia. Mwanamkasi hakumgusa mwanamume. Alimwosha mwanamke mwenzake, kama ilivyompasa, na nguo akamkatia kamili bila kumpunja hata moja kwa ugeni wake. Niliona fahari, naisema wazi.

Kisha macho yakaanza kugeuka, moja baada ya jingine, kuelekea kile kichwa cha mkuki alichokiweka Mwinjuma mezani. Mwanamke, aliyeanguka kutoka juu, kwenye chombo kilichowaka moto. Huyo ndiye "jini dume" ambalo babu alipambana nalo.

Mwinjuma alimwomba Ronny ile fomu, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Mkuki akauzungushia gazeti. Nilikuwa navaa koti mlangoni aliponijia, na kwa mara ya kwanza hakuniita kitukuu cha mwosha majini.

"Dada Jokha," akasema kwa sauti ya chini. "Babu alipofika pale... yule mwanamke alikuwa bado yu hai?"

Mimi sijui. Nilichoachiwa ni nguo tano tu, basi. Ningemwambia hivyo, angeenda kwake akalala usingizi. Lakini Mwanamkasi alikaa miaka arobaini bila mtu kumpa usingizi huo.

"Kaka Mwinjuma," nikamwambia, nikifunga kifungo cha mwisho, "mwosha hasemi."