Msumari Wangu Ukutani

Jana nililala na kitabu cha Baiolojia kifuani, nikaota msumari wa sebuleni kwetu unaniita kwa jina.

Msumari huo ni wangu. Mama aliupigilia mwaka niliofaulu kwenda sekondari, pembeni ya picha ya binamu yangu Ambakisye, iliyopigwa akiwa na joho la mahafali na mataji ya karatasi za kumetameta shingoni, yaliyomfika masikioni. Nikihitimu chuo kikuu, picha yangu itakaa hapo. Kwetu Tukuyu sebule isiyo na mtu wa joho ukutani haihesabiwi kuwa sebule, na mama anaona mmoja hatoshi.

"Tusekile," msumari ukasema, "nimechoka kukaa bure. Leo unaenda chuo."

"Hata mtihani wa kidato cha nne sijafanya."

"Mtihani ni mambo ya serikali. Getini utaulizwa swali moja tu: kwa nini unataka kusoma chuo? Usipojibu kwa akili yako mwenyewe, nitakuja kukuchukua nikuning'inize hapa, na hutabanduka."

Picha ya Ambakisye ikakohoa. "Mimi wazazi ndio walionijibia," ikasema. "Shingo inaniuma, acha tu."

"Lakini wewe si uko Mbeya unauza makava ya simu?"

"Yule ni mwenyewe. Mimi ndiye niliyesoma."

Natoka nje, na nje si kwetu tena. Niko mbele ya geti refu la chuo, na juu yake kuna kibao: KILA MWOMBAJI AJE AMEBEBA MATUMAINI YA FAMILIA. Nageuka niulize matumaini hayo yanapatikana wapi, nakuta familia imeshapanga foleni. Shangazi Sekela anapanda mgongoni kwanza, na mkoba wake. Baba mdogo Anyelwisye anamkalia shangazi mabegani na kunishika masikio kama usukani wa baiskeli. Mama anapanda wa mwisho, huku akiomba samahani.

Mlinzi wa geti ni joho tupu. Halina mtu ndani, lakini limesimama wima, na kofia inaelea pale ambapo kichwa kingekuwepo.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Kwa nini unataka kusoma chuo?"

"Atakuwa mwanasheria," shangazi anajibu kutoka juu. "Kuna jirani amesogeza mpaka wa shamba letu. Nataka ashike adabu kabla sijafa."

"Ili aolewe na mtu mwenye gari," anadakia baba mdogo. "Liwe na viti vya nyuma, na sisi tupande."

"Nimemuuliza aliye chini," joho linasema.

Natoa jibu tulilokariri kwa ajili ya mdahalo shuleni: nataka kuelimika ili niisaidie jamii yangu. Joho linalinusa, linanirudishia.

"Hili limeshatumika. Lina jasho la watu."

"Basi nataka ajira."

Joho linacheka mpaka mikono yake inajifunga fundo. Kisha linaomba radhi, linasema halikukusudia.

Nyuma yangu nasikia ting, ting, ting. Msumari unakuja ukiruka barabarani, umebeba fremu tupu yenye kimo changu. Naogopa, tena naogopa kweli. Shangazi ananinong'oneza niseme sheria, mwanangu, sema sheria tu tumalize.

"Nataka kulala mpaka saa nne asubuhi bila mtu kuniuliza kama naumwa," nasema.

Geti linafunguka kidogo, upenyo wa kupitisha paka.

"Endelea."

"Nyumbani nikiuliza jambo natumwa maji. Niliuliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea, nikapewa ndoo. Nikauliza kwa nini babu hamtaji kaka yake, nikapewa ndoo mbili. Mapipa yetu yote yamejaa na mimi sijui kitu. Nataka kwenda mahali ambapo nikiuliza swali sitatumwa maji."

Kofia inainama kidogo, halafu geti linafunguka lote. Msumari unageuka na fremu yake, unaondoka bila kuaga. Mgongo wangu unanyooka wenyewe, sikuutuma. Shangazi anaanguka na kufikia kiuno, baba mdogo anafikia goti, na wote wawili wananitukana kwa kupokezana.

Mama hakuanguka. Alikuwa ameshashuka mwenyewe, sijui saa ngapi. Amesimama pembeni, amekaza kanga yake, anachungulia ndani ya geti. Nafungua mdomo kumwita, nikaamka.

Asubuhi nilimkuta shangazi jikoni anachechemea. "Sijui nimelalaje," alilalamika. "Hiki kiuno utadhani nimetupwa kutoka juu ya mti." Baba mdogo alikuwa amekunja suruali, anajipaka dawa ya kuchua gotini. Niliwapa pole kwa adabu zote, nikaangalia pembeni nisicheke.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Alisubiri wenzake watoke kwenda kuota jua, ndipo akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye kisu.

"Tuse, huko chuo, mtu akiuliza swali, kweli hatumwi maji?"

Nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote ndoto yangu. Nilitafuta pa kukaa, nikakalia gunia la mkaa.

"Sidhani, mama. Nadhani wanamjibu."

Alimenya ndizi nyingine, taratibu, mpaka ikaisha.

"Na wanapokea watu wa mpaka umri gani?"