Sauti ya Verlene Yaenda Redioni

Verlene Battle alikuwa katikati ya ubeti wa pili wa wimbo, Jumapili, kanisani kwao Memphis, sauti ilipomtoroka. Midomo iliendelea, koo likabaki tupu. Shemasi Purvis, mpiga kinanda, hakugeuka hata kutazama. Alirudiarudia kipande kilekile huku waumini wakipiga makofi polepole, wakisubiri.

"Wameuanza tena hao," alisema Purvis.

Zamani Verlene alirekodi wimbo wa mapenzi alioutunga mwenyewe, ukasikika mitaa ya weusi tu. Sasa vijana wa Kizungu wenye magitaa ya umeme na nywele za kufunika masikio walikuwa wameurekodi upya, na kila walipoupiga, sauti yake iliwafuata hukohuko. Wimbo ukiisha ilirudi, imekauka, inanuka sigara. Jamani, alikuwa amewachoka!

Mama yake alipofariki, Verlene aliwafuata vijana hao katika ukumbi wao wa mazoezi. Marehemu alikuwa amemwapisha: siku yangu utaniimbia wewe, si mwingine.

"Jumamosi asubuhi msiuguse," aliwaambia. "Namzika mama yangu."

Todd, mwimbaji wao, alisimama kwa adabu. "Mama, sisi tunakupenda mno. Mimi nafumbua mdomo tu, anayeimba ni wewe. Bendi nzima tunajua."

"Na kwenye santuri mmeandika jina la nani?"

Todd alitazama viatu vyake. "Hayo ni mambo ya kampuni, mama."

"Basi Jumamosi nyamazeni."

Wakaapa wote.

Jumamosi Verlene alisimama kando ya jeneza, akavuta pumzi, na koo likawa tupu. Purvis akarudia kipande, akarudia tena. Bi Hattie, mkuu wa wahudumu, aliishiwa subira, akaleta redio ya jikoni na kuiweka juu ya jeneza.

"Tusimcheleweshe marehemu," alisema.

Sauti ya Verlene ikajaa kanisa, magitaa yakiikwaruza. Watu walilia, wakaitikia amina. Mwishoni mtangazaji akasema, "Todd na wenzake hao, na wimbo wao wenyewe! Wameupiga hapa hapa studioni kwa heshima ya bibi mmoja anayezikwa asubuhi hii. Vijana wana utu!"

Verlene akakohoa. Sauti ilikuwa imerudi. Akafumbua mdomo aanze.

"Keti, dada," alisema mchungaji kwa upole. "Wimbo umeshaimbwa, tena vizuri sana."

"Umeimbwa na nani?" aliuliza Verlene.

Mchungaji alikuwa ameshafumba macho, anaanza sala.