Lindo la Papa Gustave

Papa Gustave alipelekwa Norwe mwezi wa nane, wakati jua la huko lilikuwa bado linakaa angani mpaka usiku, na binti yake Victorine akawaringia wateja wa saluni pale Bellevue mpaka wakachoka. Wacha aringe! Wakimbizi wangapi wanangoja kuitwa Ulaya na hawaitwi? Papa aliitwa. Aliondoka Johannesburg na koti lake la ulinzi, lile alilozeeka nalo kwenye mlango wa jengo la ofisi kule Marshalltown, akaenda kupewa nyumba ya mbao katika kijiji cha mwisho kabisa kaskazini. Mbele bahari, nyuma mlima, na nyumba zenyewe chache, kila moja imejitenga na mwenzake kana kwamba zimegombana.

Mwezi wa kumi na moja mambo yakageuka.

"Victorine, nirudishe," Papa alisema kwenye simu.

"Papa, umesema nini?"

"Nirudishe. Jua limeaga. Wanasema litaonekana tena mwezi wa kwanza. Tangu nizaliwe sijasikia jua linaenda likizo."

Akamweleza maisha. Kutoka nje kuchukua kuni ni kazi ya kuvaa nguo juu ya nguo, na chini ya viatu unafunga miiba ya chuma, la sivyo barafu ya mlangoni inakulaza chali. Samaki wananing'inizwa nje wakauke, na hakuna nzi hata mmoja wa kuwasumbua. Haya yote angeyazoea, alisema. Alikwisha jifunza kupanga kuni magome yakiangalia juu. Lakini watu! Wakikutana nawe wanatikisa kichwa, basi. Hata habari za asubuhi hawana.

"Siogopi baridi, mama. Naogopa kufa kama Jean-Bosco."

Victorine alimkumbuka. Jean-Bosco alikuwa mlinzi mwenzake Papa, akipanga kwenye ghorofa moja kule Berea, chumba kimegawanywa kwa mapazia, watu kila upande. Alikufa nyuma ya pazia lake, redio ikiendelea kuimba. Wenzake walipita hapo wakienda kazini na kurudi, kila mmoja akidhani amelala. Ni harufu iliyowaambia. Papa ndiye aliyeitwa kumbeba, na tangu siku ile hakuwa mtu wa kulala vizuri.

"Nitakurudisha kabla ya Noeli," Victorine alimwambia, na hakuwa akibembeleza. Alikwisha ongea na akina mama wa kanisa, wakakubali kumsaidia tiketi. Hofu yake ilikuwa moja tu: je, mzee atafika hiyo Noeli?

Jumatano moja simu ya Papa haikupatikana. Asubuhi, hapana. Saa sita, hapana. Alasiri mvua ya radi ikaanza kupiga mabati ya Bellevue, na Victorine alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, anasuka bila kuona anachosuka.

"Weye," akasema Emérite, Mrundi aliyesuka naye kwenye saluni hiyo na kupanga chumba cha pili katika nyumba aliyokaa Victorine, "unamsuka huyo dada au unamnyonga?"

"Papa hapatikani, Emérite. Toka asubuhi."

Emérite aliacha utani. Akamnyang'anya kitana, akamalizia kile kichwa mwenyewe.

Mvua ilikuwa inapungua simu ilipoita. Namba ya kigeni, tena simu ya video. Akaonekana bibi wa kizungu, mashavu mekundu, kofia ya sufu mpaka machoni. Akageuza simu. Kumbe Papa yuko nyuma yake, amekaa kando ya jiko la kuni, mablanketi hadi shingoni, anakunywa mchuzi wa samaki. Na mlango wa nyumba ulikuwa umeegemezwa ukutani, umepasuka katikati.

"Papa! Nani amekuvamia?"

"Huyu. Anaitwa Helene."

Ikabidi aeleze. Alikuwa ameamua kufunga, ule mfungo mkavu wa nyumbani Bukavu, siku tatu bila chakula wala maji. Alizima simu, akafunga mlango kwa komeo. Akazima na jiko, maana anayefunga hajipi starehe, na kwake yeye moto ulikuwa starehe. Jamani, mzee huyu! Kuzima moto Norwe, mwezi wa kumi na moja! Alijifunika nguo zote alizo nazo, akapiga magoti.

"Niliomba Mungu anifungulie njia ya kurudi kwenu," akasema. "Hata asubuhi haijaisha, nikasikia shoka mlangoni."

Helene alikuwa ametazama dirishani kwake, akaona bomba la jiko la Papa halitoi moshi. Hakungoja. Kijiji kile, majira ya baridi yakianza, kila mtu ana bomba la jirani la kutazama kila asubuhi, na asiyetoa moshi anafuatwa. Salamu hawajui, lakini hilo wanalijua. Tangu Papa afike bibi yule alikuwa akimtazama kila siku, na Papa akidhani hakuna mtu anayejua kama yupo.

"Alinigombeza, Victorine! Alinigombeza kama mama yangu. Halafu akanionyesha bomba lake. Linaonekana kwenye dirisha langu tu. Aliyekaa humu kabla yangu walimzika mwaka jana. Tangu siku hiyo hakuna anayemtazama Helene."

"Pole yake. Sasa Papa, ile tiketi—"

"Nitaachaje lindo?"

Victorine alifurahi, na papo hapo akachomwa moyoni. Alikuwa amemwandalia kitanda. Alikuwa amemwambia kila mtu. Akafuta macho kwa taulo la mteja.

"Na wewe?" Papa akauliza. "Nani anatazama moshi wako?"

Alitaka kutaja kanisa, wateja, majirani. Lakini hao wote hata Jean-Bosco alikuwa nao.

"Hapa tunapikia umeme, Papa. Hakuna moshi."

"Chai unachemsha?"

"Nachemsha."

"Basi nitumie mvuke. Kila asubuhi. Na unipe namba ya Emérite."

Ndivyo walivyoanza. Yeye anatuma picha ya birika, Papa anatuma picha ya bomba la Helene linalofuka gizani, na chini yake neno moja, yupo. Picha za Papa zilimtuliza Victorine kuliko maombi, ingawa hilo hakumwambia mchungaji.

Wiki ya Noeli umeme ulikatika mtaa mzima. Simu ikazima usiku, na Victorine, aliyekuwa amesuka vichwa vya sikukuu hadi vidole vikafa ganzi, akalala mpaka jua likawa juu. Aliamshwa na mlango. Si kubisha kule, ni kupigwa.

"Victorine! Victorine, weye!"

Akafungua. Emérite alisimama pale na kanga ya kulalia, hana viatu, anahema, nyundo mkononi.

"Papa yako anasema hajaona mvuke," akasema.

Victorine akakaa kizingitini akalia, na Emérite akaketi kando yake, nyundo bado mkononi, akimpigia mzee simu.